Jinsi ya kupeleka maoni kuhusu idhini ya usalama wa huduma za wingu: mwongozo kutoka kaunta ya SACCOS, Tanga

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024 tulifungua ofisi ya SACCOS yetu, chama cha kuweka akiba na kukopa, hapa Ngamiani saa mbili asubuhi kama kawaida. Keshia akawasha kompyuta, mfumo ukazunguka weee, haukufunguka. Siku moja kabla, nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Umeme ulikuwapo, kompyuta zilikuwa nzima, sisi wenyewe tulikuwapo. Daftari la wanachama ndilo lilikuwa ng'ambo.

Saa tatu akaingia mama mmoja muuza samaki, mwanachama wetu wa miaka mingi. Alitaka mkopo wa dharura, mjukuu wake amelazwa. Nilimwamkia, nikamweleza mtandao hakuna. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hela yangu si mnayo hapa hapa?" Hela ilikuwapo, ndani ya sefu, hatua nne kutoka aliposimama. Tulichokosa ni salio lake. Tulipekua kabati tukapata karatasi zilizochapwa mwishoni mwa Machi, na kwa karatasi hizo tukampa nusu ya alichoomba. Nusu nyingine aliazima kwa jirani.

Ndipo nilipoanza kufuatilia kwa dhati jambo ambalo kabla ya hapo nililiona la wataalamu: nani anaamua kuwa huduma fulani ya wingu ni salama kiasi cha kuwekewa taarifa za watu, anaamua kwa vigezo gani, na sisi tunaosimama kaunta tunamfikishiaje tunayoyaona. Vijana wanaiita klaudi. Mimi nitaiita wingu, kwa maana ile ile: taarifa zako kukaa kwenye kompyuta za mtu mwingine, unazifikia kwa intaneti.

Mwongozo huu nauandikia katibu wa SACCOS au AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mganga mfawidhi wa zahanati, mwalimu mkuu, na kijana wa hapa Tanga anayetengeneza mifumo na kuiuza. Nauandika kwa sababu kamati na wizara zinapoomba maoni ya wadau, wanaojitokeza huwa ni makampuni makubwa na wanasheria wao. Asiyekuwapo na lake halipo.

Hatua ya kwanza: jua idhini ni nini kabla ya kuizungumzia

Idhini ya usalama si cheti cha ukutani. Ni uamuzi wa mtu mwenye mamlaka, kwa maandishi, kwamba ameona ushahidi, ameelewa hatari iliyobaki, na ameikubali. Maneno "hatari iliyobaki" uyashike vizuri, maana ndiyo kiini cha maoni yako yote. Hakuna mfumo usio na hatari. Sera ya idhini inajibu swali la nani anaikubali hatari hiyo kwa niaba ya nani.

Mfano ambao watunga sera wengi wanaurejea ni wa Marekani, kwa hiyo uujue kidogo. Mwaka 2011 serikali ya huko ilianzisha mpango wa FedRAMP. Kabla ya hapo kila idara ilikuwa inaikagua upya kampuni ile ile ya wingu. Mpango ukasema: ukaguzi ufanyike mara moja, idara nyingine ziutumie. Taarifa zinapangwa katika ngazi tatu, ya chini, ya wastani na ya juu, kwa kuangalia madhara yatakayotokea zikivuja, zikichezewa au zisipopatikana. Kila ngazi ina idadi yake ya udhibiti, yaani mambo ambayo mtoa huduma lazima ayatimize. Kwa toleo la tano la orodha ya viwango ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ngazi ya chini ina udhibiti 156, ya wastani 323, ya juu 410. Mkaguzi huru anakuja kuangalia kama kweli yapo. Baada ya idhini kazi haiishi: kwa utaratibu uliozoeleka, mtoa huduma anapima mifumo yake kila mwezi, na dosari zikionekana, kubwa zizibwe ndani ya siku 30, za kati siku 90, ndogo siku 180.

Desemba 2022 mpango huo ukawekwa ndani ya sheria, na sheria hiyo hiyo ikaunda kamati ya ushauri yenye wajumbe wasiozidi 15. Nimeisoma orodha ya viti vyake mara kadhaa. Kuna watu wa idara za serikali, kuna wanaohusika na manunuzi, kuna mwakilishi wa wakaguzi huru, na kuna angalau watano kutoka kampuni za wingu, ambao wawili kati yao lazima watoke kampuni ndogo. Hilo la kampuni ndogo nalipenda sana, kwa sababu lawama kubwa ya miaka mingi dhidi ya mpango ule ilikuwa muda mrefu na gharama kubwa, na anayeumizwa na gharama ni mdogo. Lakini orodha haitaji kiti cha mtu ambaye taarifa zake ndizo zinazohifadhiwa. Kinachomsaidia ni sheria ya kamati za ushauri ya mwaka 1972, inayotaka vikao viwe wazi kwa umma na maandishi ya mtu yeyote yapokelewe. Tangazo la kikao hutolewa angalau siku 15 kabla.

Maoni ya namna hiyo yanafanya kazi. Oktoba 2023 ofisi ya bajeti ya Ikulu ya Marekani ilitoa rasimu ya waraka mpya wa kuusimamia mpango huo, ikaomba maoni ya umma, na waraka wenyewe ukatoka Julai 2024. Kati ya rasimu na waraka kuna miezi, na miezi hiyo ndiyo dirisha la mtu kama wewe.

Hatua ya pili: tafuta mlango sahihi wa hapa kwetu

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu mlango unategemea ni rasimu gani iko mezani.

Kama ni muswada wa sheria, mlango ni kamati ya Bunge. Muswada unachapishwa, unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kwenye kamati, na kamati inaalika wadau. Kama ni kanuni au sera, mlango ni wizara inayoiandaa. Kama ni mwongozo wa kiufundi kwa taasisi za umma, mlango ni Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019. Na kama jambo lako ni taarifa za watu, popote zilipo, iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotokana na sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Usiende ukiomba hisani. Ibara ya 21 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Mimi huitaja ibara hiyo kwenye aya ya kwanza ya barua, kwa upole, kisha naendelea na hoja.

Muda ni mfupi kila mara. Tangazo linaweza kutoka leo na siku ya mwisho ikawa wiki mbili mbele, na kutoka stendi ya Kange hadi Dodoma ni safari ya kutwa. Ndiyo maana hatua inayofuata uifanye kabla ya tangazo lolote kutoka.

Hatua ya tatu: andaa daftari lako la wingu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mtu anaijua methali hiyo, lakini nikizunguka ofisi za hapa mjini nikauliza, "Taarifa zenu ziko wapi?" jibu ni moja: "Ziko kwenye mfumo." Mfumo uko wapi? "Anajua kijana wa IT."

Chukua daftari la kawaida la kurasa 96. Piga mistari. Andika aina ya taarifa, mfumo unaozihifadhi, jina la mtoa huduma, nchi ambayo seva (kompyuta inayozihifadhi) iko, nani ana neno la siri la msimamizi, na kitatokea nini mfumo usipofunguka kwa saa moja, siku moja, wiki moja. Kwetu SACCOS ilitoka mistari kumi na moja. Tulidhani itakuwa mitatu. Tulisahau barua pepe za ofisi, tukasahau picha za vitambulisho vya wanachama ambazo keshia alikuwa anazituma kwa simu yake, tukasahau orodha ya wadhamini wa mikopo iliyokuwa kwenye akaunti binafsi ya katibu aliyestaafu.

Kisha mwandikie mtoa huduma wako barua yenye maswali manne. Taarifa zetu ziko nchi gani? Nani kwenu anaweza kuzifungua bila sisi kujua? Mara ya mwisho kurudisha bekapu yetu, yaani nakala ya akiba, kwa majaribio ilikuwa lini? Na tukitaka kuondoka, tutakabidhiwa nini, kwa muundo gani, ndani ya siku ngapi?

Swali la kwanza lina uzito wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na inahesabu miamala ya fedha ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, sawa na taarifa za afya na za watoto. Kwa hiyo daftari la SACCOS ni taarifa nyeti tangu mstari wa kwanza. Wengi wetu tulidhani nyeti ni hospitali tu.

Swali la tatu nataka nikae nalo, maana ndilo lililotufungua macho. Mtoa huduma tuliyekuwa naye wakati huo, simtaji, alitujibu kwamba bekapu inachukuliwa kila usiku. Tukamwomba airudishe mbele yetu, kwenye kompyuta tupu. Alikuja siku ya Alhamisi mchana. Akaingiza faili, likafunguka, majina yakaonekana, tukapumua. Mweka hazina wetu, mzee wa watu, akasogeza kiti karibu, akatoa miwani mfukoni, akasema, "Niangalizie mwanachama namba 214." Huyo ni jirani yake, na alijua kwamba wiki mbili nyuma alikuwa amenunua hisa. Akaunti ikafunguka. Hisa hazikuwamo. Tukaangalia wa pili, wa tatu, wa nne. Bekapu ilikuwa inachukuliwa kila usiku kweli, lakini ilikuwa inachukua sehemu ya mfumo iliyokuwapo kabla ya maboresho ya miezi mitano nyuma. Kila usiku, kwa uaminifu, ilihifadhi taarifa za zamani. Siku ile seva ingeharibika, miezi mitano ya jasho la watu wa Ngamiani, Makorora na Mabawa ingepotea, na kwenye karatasi kila kitu kingeonyesha kuwa bekapu ipo.

Hilo ndilo jambo la kupeleka kamatini. Mkaguzi akiuliza, "Mna bekapu?" jibu lilikuwa ndiyo. Mzee wa miwani aliuliza swali lingine.

Hatua ya nne: pima uzito wa taarifa zako mwenyewe

Wataalamu wanapima kwa mambo matatu: usiri, usahihi na upatikanaji. Usiri ni nani asione. Usahihi ni nani asibadilishe. Upatikanaji ni kama zitakuwapo zikihitajika. Kosa ninaloliona kwenye rasimu nyingi ni kulipa usiri nafasi yote, na mengine mawili kuguswa kwa mstari mmoja.

Fikiria kwa mifano ya hapa. Kliniki inayohudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI: usiri ndio roho. Jina likivuja mtaani, hakuna nakala ya akiba itakayolirudisha. Ushuru wa soko: jina la muuza nyanya wanajua wote, lakini tarakimu ikichezewa, halmashauri na mfanyabiashara wote wanaibiwa, kwa hiyo pale usahihi unatangulia. SACCOS, kama ulivyoona Jumatatu ile: upatikanaji. Zahanati inayotafuta kundi la damu la mama aliyejifungua saa nane usiku: upatikanaji pia, tena kwa dakika.

Andika kwenye daftari lako, kwa kila mstari, lipi kati ya matatu likikosekana litaumiza zaidi, na litamuumiza nani. Ukishafanya hivyo utaona ni ngapi kati ya taarifa zako zinastahili ngazi ya juu kweli. Kwetu ni mistari mitatu kati ya kumi na moja.

Msimamo wangu hapa ni huu, na najua wapo watakaoupinga: si kweli kwamba masharti mengi zaidi ni usalama zaidi. Ukimtaka kijana wa Chumbageni anayetengeneza mfumo wa mahudhurio ya shule atimize udhibiti ule ule wa mfumo wa hospitali ya rufaa, hataweza kumlipa mkaguzi. Atafunga, au atauza chini kwa chini bila idhini yoyote, na shule itanunua kwake kwa sababu ni rahisi. Ngazi ya chini iwe nyepesi kweli, ya juu iwe nzito kweli. Marekani wenyewe, tangu Machi 2025, wanatafuta namna ya kupunguza makaratasi na kuiachia mitambo sehemu kubwa ya uhakiki. Tusianze pale ambapo wao wanataka kutoka.

Hatua ya tano: andika, kifungu kwa kifungu

Soma rasimu yote mara moja bila kalamu. Mara ya pili weka alama kwenye vifungu vinavyogusa daftari lako tu. Ukibaki na vitatu au vinne, umefanya vizuri. Maoni ya kurasa 40 yanayogusa kila kitu yanachosha wajumbe, na la maana linapotea katikati.

Kwa kila kifungu andika mambo manne, kwa mpangilio huu: kifungu namba gani na kinasema nini, kwenye ofisi yako kikitekelezwa kama kilivyo kitatokea nini, ushahidi wako ni upi, na maneno gani unataka yawekwe. Watu wengi wanaishia kwenye la pili. La nne ndilo linalobeba mzigo. Sekretarieti ya kamati ina kazi ya kuandika, ukiiletea sentensi iliyokamilika umeirahisishia, na sentensi iliyokamilika inaweza kuingia ilivyo.

Angalia tofauti. Barua yetu ya kwanza, kabla hatujajua, ilisema: "Tunaiomba Serikali iyasimamie makampuni ya wingu ipasavyo ili wananchi wasipate usumbufu." Nani atapinga? Na nani atafanya nini kesho yake akishaisoma? Barua ya pili ikawa hivi:

"Rasimu inamtaka mtoa huduma awe na nakala za akiba za taarifa za mteja. Tarehe tunayoitaja kwenye kiambatisho, mtoa huduma alikuwa na nakala hizo, na zilipojaribiwa mbele yetu zilikosa kumbukumbu za miezi mitano. Tunapendekeza yaongezwe maneno haya: na awe anarejesha nakala hiyo kwa majaribio angalau mara moja kila miezi mitatu, mteja akiwapo au akiwakilishwa, na kumpa mteja taarifa ya maandishi inayoonyesha tarehe ya kumbukumbu ya mwisho iliyopatikana."

Tuliandika na la pili, lililotokana na ile Jumatatu ya Mei: kwamba taasisi yenye taarifa za ngazi ya juu kwa upande wa upatikanaji iweze kuendelea kutoa huduma za msingi kwa saa 72 hata mawasiliano ya nje ya nchi yakikatika, ama kwa seva iliyo ndani ya nchi, ama kwa nakala iliyosimbwa, yaani isiyosomeka bila ufunguo wa siri, inayokaa ofisini. Tuliacha njia zote mbili kwa makusudi. Kudai seva za ndani ya nchi pekee kunasikika kama uzalendo, lakini seva ya ndani isiyotunzwa ni hatari kuliko ya nje inayotunzwa, na si kila mji una umeme wa kutegemewa. Sera iseme matokeo inayoyataka, njia iachwe kwa anayeujua mji wake.

La tatu ni la kuondoka. Mteja anapohama, apewe taarifa zake zote kwa muundo unaofunguka kwenye programu ya kawaida, ndani ya siku 30, bila malipo ya ziada, na mtoa huduma athibitishe kwa maandishi kuwa amefuta alizobaki nazo. Chama kimoja jirani yetu kilikabidhiwa taarifa zake zikiwa zimechapwa kwenye karatasi, maboksi mawili. Vijana wawili walikaa wiki sita wakiziingiza upya kwa mkono, na makosa waliyoingiza humo bado yanasahihishwa.

Kuhusu lugha: andika kwa Kiswahili, na usione haya. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Rasimu ikija kwa Kiingereza, omba ya Kiswahili kwa maandishi na uihifadhi barua hiyo, kwa sababu mweka hazina hawezi kutoa maoni juu ya kitu asichokisoma. Istilahi zikikushinda eleza kwa maneno ya kawaida. "Taarifa zifungwe kwa namna ambayo hata anayezihifadhi hawezi kuzisoma bila ufunguo wetu" inaeleweka na mjumbe yeyote, awe mhandisi au mkulima.

Hatua ya sita: chuja kabla ya kutuma

Hapa usifanye haraka. Barua ya maoni inaweza kusomwa na mtu yeyote, na pengine ikachapishwa. Toa majina ya wanachama, namba zao, hata yule wa 214, isipokuwa awe amekubali na kuwe na ulazima. Mimi hapa namba nimeibadilisha.

Muhimu zaidi, usieleze dosari ambayo bado haijazibwa. Kama umegundua kwamba mfumo fulani unafunguka bila neno la siri kwa kubadilisha tarakimu moja kwenye anwani, hilo si maoni ya sera, ni mlango ulio wazi, na ukiliandika kwenye barua ya wadau umemwonyesha mwizi njia. Mjulishe mwenye mfumo, na ikihitajika peleka taarifa kwa TZ-CERT, kikosi cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao. Na usijaribu mwenyewe kuingia kwenye mfumo usio wako ili upate ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haiulizi kama nia yako ilikuwa njema.

Usimtaje mshindani wako wa biashara kwa ubaya. Kamati ikianza kuhisi umekuja kumaliza ugomvi wa zabuni, hata hoja zako nzuri zinapoteza uzito.

Mwisho wa barua weka sahihi, cheo, na idadi ya watu unaowasemea. Sisi tuliisoma barua kwenye mkutano mkuu kabla ya kuituma, watu wakauliza, wakarekebisha, ikapigiwa kura. Mama yule muuza samaki alisimama akasema tuongeze kwamba mtu aambiwe siku ile ile mfumo ukizimika, asije akatoka soko la samaki la Deep Sea kwa miguu bure. Liliongezwa, kama kifungu cha nne.

Hatua ya saba: ukiitwa kuzungumza

Utapewa dakika chache, tano au kumi. Wasalimie, jitambulishe kwa sentensi moja, kisha nenda moja kwa moja kwenye tukio lako. Barua wanayo, usiisome. Waonyeshe kitu. Sisi tulibeba lile daftari la kurasa 96 na karatasi mbili: moja inaonyesha akaunti kama ilivyokuwa kwenye mfumo, nyingine kama ilivyotoka kwenye bekapu, majina yamefunikwa. Weka karatasi mezani na ukae kimya wazisome.

Ukiulizwa swali usilolijua, sema, "Mheshimiwa, hilo sina jibu lake sasa, nitaliandika ndani ya siku tatu." Kisha uliandike kweli. Ukiulizwa gharama, uwe na tarakimu za ofisi yako mwenyewe: unalipa kiasi gani kwa mwezi, jaribio la kurudisha bekapu lilichukua saa ngapi, watu wangapi. Letu lilichukua mchana mmoja na watu watatu. Mjumbe aliyekuwa na wasiwasi kwamba pendekezo letu litaongeza gharama alitulia aliposikia hivyo.

Hatua ya nane: fuatilia hadi kwenye maandishi ya mwisho

Omba muhuri wa mapokezi, au jibu la barua pepe lenye tarehe. Usipopata ndani ya wiki, piga simu. Weka kalenda ya kila mwezi ya kuulizia, kwa adabu, na andika jina la ofisi iliyokujibu.

Maandishi ya mwisho yakitoka, chapa rasimu na toleo la mwisho, uziweke sambamba mezani. Sisi tulitumia rula, mstari kwa mstari, mweka hazina anasoma la zamani, mimi nasoma jipya. Penye mabadiliko kalamu ya kijani, pasipo na mabadiliko kalamu nyekundu. Pale ambapo pendekezo lako halikuingia, andika barua fupi ya kuuliza sababu: huenda kuna kifungu kingine kinachokidhi ambacho hukukiona, huenda limeachwa kwa ajili ya kanuni zitakazofuata, na kanuni nazo zinaombewa maoni. Fungua ukurasa mpya kwenye daftari, andika tarehe, bandika nakala ya barua hiyo, na upange na mtoa huduma wako tarehe ya jaribio lijalo la bekapu. Letu ni Alhamisi ya kwanza ya kila robo mwaka, saa nane mchana, na mzee anakuja na miwani yake.